Uliza Fundi: Mtaro umechimbwa, maji yanagoma kuondoka

Mvua zimeanza na meseji zenu karibu zote mwezi huu ni za mitaro. Nyingine zinafanana kabisa, kwahiyo nimechagua hizi chache, kama lako hulioni soma la kwanza maana ndo mama wa yote.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Kigamboni, mvua ikinyesha maji yanatuama nyuma ya nyumba mpaka mlangoni mwa jiko. Nikamwita kijana akanichimbia mtaro kutoka kona ya jiko mpaka mtaro mkubwa wa barabarani, kama mita 24 hivi. Kwa macho umenyooka vizuri tu, ila mvua ilivyopiga maji yakabaki katikati vidimbwi vitatu, sasa mbu ndo wamehamia humo. Shemeji anasema ningenunua lile chepe jembamba mtaro ungekaa sawa. Ni kweli? — Mama Pacha

JIBU: Marahaba mama Pacha. Mwambie shemeji chepe jembamba ni zuri na ntalisifia huko chini, lakini kinachokosekana hapo kwako ni uzi na fimbo. Chepe, jembe, sururu, vyote hivyo kazi yake kutoa udongo, hakuna hata kimoja kinachojua mteremko. Mteremko unauweka kwenye uzi, juu ya ardhi, kabla hujagusa udongo, halafu mchimbaji anabaki na kazi ya kuufuata uzi tu. Kijana wako yeye kafuata uso wa ardhi, kina kilekile mwanzo mwisho, kwahiyo ardhi ilipobonyea mtaro ukabonyea nayo na ilipoinuka ukainuka nayo, ndo hivyo vidimbwi.

Nenda hadware kanunue mpira mwembamba unaoonekana ndani, mita 30 zinakutosha, ndo huohuo mafundi wanachukulia leveli za msingi. Ujaze kwa kunyonya maji kutoka kwenye ndoo, usimimine, ukimimina unaingiza hewa na povu moja tu likikwama katikati kipimo chote kinakuwa cha uongo. Mtu mmoja asimame jikoni na ncha moja, mwingine barabarani na ncha ya pili, wote mtoe vidole kwenye mdomo wa mpira (hapa ndo watu wanasahau, ukiziba upande mmoja maji hayasogei yakakaa sawa), subirini yatulie kabisa, kisha kila mmoja apime kwa tepu toka ardhini mpaka usawa wa maji.

Tuseme jikoni umepata sm 90 na barabarani sm 104. Maana yake ardhi ya barabarani iko chini kwa sm 14 tu, kwa macho huwezi kuziona hizo. Sasa angalia mtaro wa barabarani una kina gani, tuseme sm 35. Wewe usitoboe mpaka chini kabisa, toka sm 5 juu ya sakafu yake ili mchanga wao usirudi kwako, kwahiyo mwisho wa mtaro wako ni kina cha sm 30. Jikoni anza na kina cha sm 20. Piga hesabu: 14 ongeza 30 toa 20, inabaki 24. Sm 24 kwa mita 24, yaani sm 1 kwa kila mita, asilimia 1, na huo kwa mtaro wa udongo ni mteremko wa heshima kabisa. Ukishuka chini ya nusu sentimita kwa mita mchanga unaanza kulala humo na utakuwa unazoa kila mara, ukizidisha sana nao kwa mchanga wenu wa pwani maji yanakimbia yanakula kingo mpaka mtaro unakuwa korongo. Watu wanadhani mteremko mkali ndo bora, sio.

Haya, sasa uzi. Kata fimbo ya sm 70. Piga mambo (kigingi cha mti) jikoni na funga uzi sm 50 kutoka ardhini, barabarani funga sm 40 kutoka ardhini. Usinishangae kwanini barabarani ni 40 wakati kuna kina zaidi, jumlisha mwenyewe: jikoni 50 na kina 20 ni 70, barabarani 40 na kina 30 ni 70. Uzi sasa una mteremko uleule wa mtaro unaoutaka, na popote utakaposimamisha fimbo kwenye sakafu ya mtaro kichwa chake kinatakiwa kiguse uzi. Kikiupita uzi bado hujachimba vya kutosha, kikibaki chini ya uzi umezidisha. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukagua.

Mambo mawili ambayo mafundi wengi wanayaruka. Uzi wa mita 24 unalegea katikati hata uuvute vipi, na ukilegea sm 3 mtaro wako unapata bonde la sm 3, umerudi kulekule kwa mbu, kwahiyo weka kigingi cha katikati kwenye mita 12 na uhakikishe kwa mpira wa maji kwamba hapo uzi uko sm 12 chini ya pale jikoni. La pili, usiupitishe uzi juu ya mtaro wenyewe, mchimbaji ataukata na sururu dakika ya kwanza. Upitishe pembeni kidogo ya ukingo, na kwenye kichwa cha fimbo pigilia kipande cha mbao kilichotokeza pembeni kifike kwenye uzi, na wakati wa kupima fimbo isimame wima.

Kuhusu huu uliokwisha kuchimbwa, usifukie vidimbwi kwa udongo wa kurudishia, udongo wa kurudishia unaenda na mvua ya kwanza. Weka uzi kama nilivyosema, halafu chonga vile vilima vilivyo katikati ya vidimbwi. Ikitokea kidimbwi kiko chini zaidi ya uzi unavyotaka, hapo jaza kokoto na udongo mgumu wenye saruji kidogo, shindilia vizuri.

SWALI: Niaje fundi. Niko Kisii, shamba yangu imeinama sana na mvua ikikuja maji ya huko juu inashuka na mchanga yote pamoja na mbolea. Nataka kuchimba mtaro ya kukata shamba upande kwa upande ndio ishike hiyo maji iipeleke kando. Niliambiwa nitumie fremu ya A, lakini si hiyo ni ya kutafuta laini ya leveli? Sasa nitafanya aje ndio iteremke kidogo? Na niko pekee yangu, sina mtu wa kushikilia mpira. — Baba Kemunto

JIBU: Poa sana baba Kemunto. Fremu ya A inakufaa kuliko mpira, hasa kwa sababu uko peke yako na kwa sababu laini yako itapinda kufuata mlima, uzi mrefu hauwezi kupinda. Chukua miti miwili iliyonyooka, ifunge juu, tanua miguu ifike mita 2 kamili, piga mti wa kukata katikati na ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka juu.

Kabla ya yote ifundishe kusema kweli. Isimamishe popote, weka alama pale uzi unapokata ule mti wa katikati, igeuze mguu wa kulia ukae kwenye kishimo cha wa kushoto na wa kushoto kwa wa kulia, weka alama ya pili. Leveli yako ni katikati ya hizo alama mbili, hata kama fremu umeifunga vibaya au mguu mmoja mrefu. Alama hiyo usiifute tena.

Sasa mteremko: pigilia kipande cha mbao cha unene wa sm 1 chini ya mguu mmoja. Huo ndo mguu wa mbele, wa upande maji yanakoelekea. Uzi ukitulia kwenye alama ya leveli ujue mguu wa mbele umekaa kwenye ardhi iliyo chini kwa sm 1 katika mita 2, yaani nusu asilimia, na kwa mtaro wa kukinga maji kwenye mlima hiyo inatosha. Piga kigingi, sogea, mguu wa nyuma ukae pale wa mbele ulipokuwa, endelea hivyohivyo. Usije ukaigeuza njiani, ukigeuza fremu mtaro unaanza kupanda na hutajua mpaka mvua ije ikuambie. Na kama kuna upepo acha, jiwe linacheza, au ufunge pima maji (ile leveli yenye povu) kwenye ule mti wa katikati badala ya jiwe.

Ukimaliza rudi nyuma utazame vigingi vyote, kimoja kimoja kitakuwa kimetoka kwenye mstari kwa sababu mguu ulikanyaga kichuguu au shimo la fuko, visogeze viwe mkunjo mmoja laini. Udongo utupe upande wa chini, sio juu. Ile ya kutupa juu ni mtindo unaoitwa "fanya juu" wa akina Machakos, hiyo nia yake kutengeneza matuta ya ngazi polepole, wewe unataka kuhamisha maji. Panda napier kwenye huo udongo haraka.

Lakini kabla hujashika fremu niambie maji yanaishia wapi? Hujaandika, na hilo ndo linanitisha kuliko yote. Mtaro wa kukinga unakusanya maji ya shamba zima na kuyatema mahali pamoja, usipokuwa na njia yenye nyasi nene au mkondo wa asili wa kuyapokea utakuwa umetengeneza korongo kwa mikono yako. Tafuta mwisho kwanza, ongea na afisa wa kilimo wa wodi aje aone, ndipo upige kigingi cha kwanza.

SWALI: Je naruhusiwa mtaro wangu uishie kwenye uzio wa jirani? Kwake ni bondeni. — Msomaji, Mbeya

JIBU: Hapana. Maji yanayosambaa yenyewe kuelekea bondeni ni jambo moja, kuyakusanya kwenye mtaro na kumwelekezea mtu ni jambo lingine, mtafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Ongea naye muupitishe wote mpaka mkondo wa umma, hata yeye anauhitaji.

SWALI: Mkuu mambo ya mpira na mawe ya kuning'iniza si ya zamani? Simu yangu ina apu ya pima maji, inaonyesha mpaka digrii. Na kuna leza mtandaoni bei sio mbaya. — Kijana wa Dodoma

JIBU: Kijana, mteremko wa asilimia 1 kwa digrii ni 0.57, nusu digrii na kidogo. Simu ikikosea nusu digrii tu, na inakosea kirahisi, kwa kava, kwa kamera iliyotokeza mgongoni, basi imekula mteremko wako wote na hujui kama mtaro unashuka au uko flati. Simu tumia kupiga hesabu.

Leza ni nzuri sana ndani ya nyumba. Nje saa sita mchana kwenye jua la Dodoma ule mstari hauuoni kabisa, labda ununue na kile kipokezi chake kinacholia, ambacho zile za bei rahisi nyingi hata hazikikubali, au uchimbe jioni. Pia leza ya kawaida inapiga leveli, sio mteremko, kwahiyo bado utarudi kwenye tepu na fimbo. Ukitaka kitu cha kisasa kwa pesa ndogo chukua pima maji nzuri, ifunge juu ya ubao ulionyooka wa mita 2, na chini ya ncha ya mbele ya ubao pigilia kijiti cha sm 2. Povu likikaa katikati una asilimia 1. Dukani kabla hujalipa iweke mezani usome, igeuze hapohapo ncha ya kulia iende kushoto usome tena, povu lisiporudi mahali palepale iache kwenye shelfu.

SWALI: Wazee wetu huku Moshi walichimba mifongo (mifereji ya kumwagilia) milimani maili na maili bila hivi vyote. Walipimaje? — Mangi mdogo

JIBU: Mfongo una bahati moja ambayo mtaro wa mama Pacha hauna, unaanzia kwenye maji. Ukichimba kutoka chanzoni na ukaruhusu maji kidogo yakufuate, maji yenyewe ndo pima, yakisimama umepanda, yakikimbia umeshuka mno, unarekebisha hapohapo. Mtaro wa kutolea maji unachimbwa kinyume, unaanzia chini kwenye mdomo unapanda kuelekea juu, ili mvua ikikukuta kazini maji yatoke badala ya kukujazia shimo. Lakini mbinu ya wazee bado inafaa kukagua: ukimaliza mwaga ndoo tatu nne za maji upande wa juu utembee nayo taratibu.

SWALI: Fundi udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga, ukilowa unaganda kwenye chepe, ukikauka ni jiwe. Nitumie nini? — Mkulima, Shinyanga

JIBU: Usichimbe ukiwa umelowa na usichimbe ukiwa mkavu, subiri siku chache baada ya mvua ukiwa na unyevu tu. Sururu ya kuvunja, jembe la kuvuta, na hapa ndo lile chepe jembamba la mdomo bapa linaingia, kazi yake sm 5 za mwisho. Jembe lina tabia ya kuacha sakafu yenye mabakuli, kila pigo bakuli, kwahiyo mwambie mchimbaji aache hizo sm 5 halafu akwangue na chepe akiwa na fimbo na uzi mkononi. Ndoo ya maji pembeni ya kuchovya chepe, udongo hautaganda sana.

Na kingo usizisimamishe wima, udongo huo unavimba na kusinyaa, utapasuka na kudondokea ndani. Sakafu ikiwa sm 30 na kina sm 40 basi mdomo upanue ufike kama mita 1 na sm 10, tengeneza kipimo cha mbao chenye umbo hilo uwe unakitumbukiza kila baada ya hatua kadhaa, kikigoma kuingia chonga tena.