Uliza Ujibiwe: Drafti ya NFL, ambako wa mkiani ndiye anayeanza kuchagua

Maswali ya safari hii yametoka Songea hadi Tukuyu, na karibu yote yanahusu jambo moja: jinsi ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, inavyogawana wachezaji wa vyuo vikuu kila mwisho wa Aprili. Tuondoe kwanza utata wa jina. Drafti hii siyo ile ya kijiweni inayochezwa kwa vizibo vya soda, ingawa huku nako ukikosea hatua moja unaliwa tatu.

Hasheem Thabeet alichaguliwa namba mbili kule Marekani. Ni drafti hii hii? (Msomaji, Songea)

Hapana. Ile ya 2009 ilikuwa ya mpira wa kikapu, NBA. Memphis Grizzlies walimchukua akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut. Wazo ni lile lile, ila NBA ina raundi 2 tu na zamu za juu hupangwa kwa bahati nasibu. NFL ina raundi 7, na bahati nasibu haipo: msimamo wa ligi ndio unaopanga foleni.

Inawezekanaje timu iliyoshika mkia ipewe mchezaji bora? Hapa Mbeya ukishika mkia unashuka daraja, na kabla hujashuka umeshazomewa Sokoine. (Msomaji, Mwanjelwa)

Jibu limo ndani ya swali lako: NFL haina kushuka daraja. Timu ni 32, na inayofungwa kila wiki mwakani itakuwepo tena. Wachezaji wangekuwa huru kumfuata mwenye fedha nyingi, wanyonge wangebaki wanyonge miaka yote na viwanja vyao vingekuwa vitupu. Aliyeliona hilo ni Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa hoi wakati huo. Alipeleka pendekezo 1935, na drafti ya kwanza ikafanyika tarehe 8 Februari 1936 katika hoteli moja ya Philadelphia. (Jay Berwanger, mchezaji wa kwanza kabisa kuitwa, hakucheza hata mechi moja ya NFL. Mwanzo wenyewe ulikuwa hivyo.)

Foleni hupangwa hivi. Timu 18 zilizokosa hatua ya mtoano hushika zamu ya 1 hadi 18, mwenye rekodi mbovu kuliko wote akitangulia. Zikilingana, huangaliwa ugumu wa ratiba: iliyokutana na wapinzani dhaifu zaidi ndiyo inayotangulia, maana kufungwa na wanyonge ni ubovu usiohitaji shahidi. Zamu ya 19 hadi 24 ni za waliotolewa raundi ya kwanza ya mtoano, 25 hadi 28 raundi ya pili, 29 na 30 ni za walioishia nusu fainali, 31 ya aliyepoteza fainali, yaani Super Bowl, na bingwa hungoja 32. Raundi zinazofuata hurudia mpangilio huo, isipokuwa timu zilizolingana rekodi hupokezana nafasi. Hapo zinaongezwa zamu za fidia, mwishoni mwa raundi ya 3 hadi ya 7, kwa timu zilizoondokewa na wachezaji waliomaliza mikataba. Ndiyo maana hesabu ya 32 mara 7, yaani 224, haifanani na idadi ya walioitwa 2025, ambao walikuwa 257.

Wanaoshuku kwamba timu zitajifungisha makusudi wanamsahau kocha. Akimaliza msimu wa namna hiyo, zamu ya kwanza huenda ikatumiwa na mrithi wake.

Nasikia timu zinauziana zamu. Bei inapangwaje? (Mfanyabiashara, Makambako)

Haziuziani kwa fedha. Hubadilishana: zamu kwa zamu, zamu kwa mchezaji, au zamu ya mwaka huu kwa ya mwakani. Bei yake ni kama ya viazi, hutegemea umefika sokoni wa ngapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dallas Cowboys chini ya kocha Jimmy Johnson walitengeneza jedwali la pointi ambalo hadi leo watu hulitumia kama mizani ya kuanzia. Zamu ya 1 ina pointi 3,000, ya 2 ina 2,600, ya 4 ina 1,800, ya 10 ina 1,300, ya 16 ina 1,000 na ya 32 ina 590. Tuseme wewe uko zamu ya 10 na unaitaka ya 4. Pengo ni pointi 500. Zamu ya 40, iliyo ndani ya raundi ya pili, ina pointi 500 kamili, kwa hiyo unatoa ya 10 na ya 40 na mezani mnaelewana. Ya mwakani huwa na punguzo: mazoea ni kuihesabu kama ya raundi moja chini, kwa sababu mwenye kuingoja anangoja mwaka mzima.

Mizani hiyo huharibika kwa mambo mawili. La kwanza ni kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Akiwepo mmoja wa kutamanika, mwenye zamu hupandisha bei apendavyo na jedwali halimzuii. La pili ni hiyo ya mwakani: unaitoa bila kujua itaangukia wapi kwenye foleni. Mwaka 2023 Carolina Panthers waliitaka zamu ya 1. Wakawapa Chicago Bears zamu ya 9 na ya 61, ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na mdakaji DJ Moore juu yake. Wakamchukua kwotabeki Bryce Young. Msimu huo Panthers wakamaliza wa mwisho katika ligi nzima, na ile zamu waliyokwisha kuitoa ikageuka kuwa ya 1 ya 2024. Bears wakaitumia kumchukua Caleb Williams. Kwa maoni yetu kosa halikuwa kumtaka kwotabeki. Kosa lilikuwa kutoa ya mwakani wakati timu yenyewe bado changa, na kumtoa pamoja nayo mdakaji ambaye kijana huyo angemrushia mpira.

Mchezaji akiikataa timu iliyomwita? (Msomaji, Mafinga)

Hawezi kuhamia nyingine kwa hiari yake. Timu hubaki na haki juu yake hadi drafti ya mwaka unaofuata, kisha anaingia tena kwenye foleni. Bo Jackson alifanya hivyo: aliitwa wa kwanza na Tampa Bay 1986, akaenda kucheza besiboli, na 1987 Raiders wakamchukua raundi ya 7. Wengine hutishia mapema ili wabadilishwe, kama John Elway 1983 na Eli Manning 2004, na wote wawili walipelekwa kwingine. Silaha hiyo ni ya wenye majina makubwa. Wa raundi ya 6 akikataa, hakuna atakayempigia simu.

Kamwene wahariri. Wanalipwa kiasi gani? (Msomaji, Kihesa, Iringa)

Kamwene. Mkataba ni wa miaka 4 na kiwango hufuata namba uliyoitwa, hivyo nafasi ya kuvutana ni ndogo. Kabla ya makubaliano ya 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji ilikuwa soko huria: Sam Bradford, wa kwanza 2010, alipewa miaka 6 ya dola milioni 78. Mwaka mmoja baadaye Cam Newton, naye wa kwanza, akapata miaka 4 ya takriban milioni 22. Kwa walioitwa raundi ya kwanza, timu ina hiari ya kuongeza mwaka wa 5. Hiari hiyo ni ya timu, si ya mchezaji.

Inaanza saa ngapi kwa saa zetu? Na muda ukiisha timu haijachagua? (Msomaji, Uyole)

Raundi ya 1 huanza saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa. Ya 2 na ya 3 huanza saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi. Ya 4 hadi ya 7 ni Jumamosi kuanzia saa 1 jioni, na hiyo ndiyo ya kutazama kama hutaki kuamka na baridi ya Uyole.

Mwaka 2025 kila timu ilipewa dakika 10 raundi ya kwanza, 7 ya pili, 5 kuanzia ya 3 hadi ya 6, na 4 ya mwisho. Muda ukiisha hupotezi zamu, ila anayefuata anaruhusiwa kukutangulia. Mwaka 2003 Minnesota Vikings walikuwa zamu ya 7, saa ikawaishia, timu mbili zikawapita, wakachagua wa 9.

Kijana wangu ana miaka 19, kilo 118, anarusha tufe UMISSETA. Anaweza kuitwa? Ndaga fijo. (Mzazi, Tukuyu)

Siyo sasa, mzazi wetu. Sharti ni miaka 3 ipite tangu amalize sekondari. Njia ya kawaida ni kucheza chuo kikuu Marekani. Ya pili ni mpango wa NFL wa wachezaji wa kimataifa, ulioanza 2017. Jordan Mailata wa Australia alitokea raga, hakuwa amewahi kucheza futiboli, na 2018 Eagles wakamwita raundi ya 7, zamu ya 233.

Mpime nyumbani kabla ya kutumia senti. Kwanza mbio za yadi 40, yaani mita 36.6: pima kwa futi kamba kwenye uwanja tambarare, mrekodi kwa simu kutoka ubavuni, na usiamini saa ya mkononi, kwa kuwa kidole huchelewa mwanzoni na kupunguza sekunde ambazo mwili haukuzipunguza. Kwa uzito wake, chini ya sekunde 4.8 ni habari njema. Kisha kunyanyua kilo 102 akiwa amelala chali, hesabu ni mara ngapi bila kupumzika: 20 na zaidi inatosha kuanzia. Kilo 118 ni za mlinzi wa pembeni. Wale wa katikati ya mstari huwa wanakaribia 140.

Na akija mtu kujiita wakala akitaka laki kadhaa za kumwandikisha kijana kwenye drafti, mfungie mlango. Wakala mwenye kibali cha chama cha wachezaji hulipwa kutoka kwenye mkataba wa NFL ukishasainiwa, na haruhusiwi kuzidisha asilimia 3.