Swali la lugha: "Ukarabati wa akili ya waliofufuliwa"

SWALI: Ninatafsiri makala ya Kimarekani kuhusu watu waliohifadhiwa kwenye baridi kali baada ya kufa, kwa matumaini kwamba sayansi itawarudishia uhai. Sehemu inayoeleza watakavyohudumiwa kiakili nimeiita "Ukarabati wa akili ya waliofufuliwa". Mhariri ameikataa bila maelezo. Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa kubwa limo kwenye kiambishi. "Waliofufuliwa" ni watu ambao jambo limeshawatokea, na hapa halijamtokea yeyote. James Bedford, wa kwanza kuhifadhiwa hivyo, alifariki California Januari 1967. Hadi leo yumo ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Andika "watakaofufuliwa", na ndani ya makala usione haya kutumia "iwapo".

Kitenzi chenyewe kinategemea nani anasema. Viwanda na vyama vya ushirika tunavifufua kila bajeti, hakuna anayeshtuka. Kwa binadamu, kufufua kunahusu maiti. Shirika la Alcor la Arizona, linalomhifadhi Bedford, huwaita watu wake wagonjwa, si marehemu. Basi ukimnukuu msemaji wao, "kuzindua" kunamfaa, kwani anayezinduka ni aliyezirai. Kwa sauti yako mwenyewe baki na kufufua: vyeti vya vifo vilishatolewa.

"Ukarabati" uachie mapaa na barabara. Neno la hospitalini ni utengamao. Wizara ya Afya ya Tanzania hulitaja sambamba na kinga, tiba na tiba shufaa (ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu). Utengamao ni kumrejeshea mtu uwezo wa kuishi maisha yake: kutembea, kusema, kukumbuka, kujilisha. Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu nchini Norwei mwaka 1999, joto la mwili likashuka hadi nyuzi 13.7, na moyo ukasimama. Madaktari walimrudisha, lakini alizinduka akiwa amepooza, ikabidi apitie utengamao mrefu kabla ya kurudi kazini. (Naye alikuwa kwenye baridi kwa saa chache tu, si miongo.) "Urekebishaji" nao nauepuka, maana kwa Mkenya unanukia gereza.

Limebaki "akili", na hapo makala yako ina mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Mtu akiamka akute kila aliyemjua amekufa, huzuni yake ni suala la afya ya akili. Je, anajijua ni nani, anaweza kutia saini mkataba au kubadili wosia? Huo ni utimamu wa akili, ndiyo maana mahakama huuliza kama mtu ana akili timamu, haiulizi kama ana furaha. Mwenye sonona anaweza kuwa timamu kabisa.

Kama sehemu hiyo inazungumzia kumbukumbu na uwezo wa kuamua, iite "Utimamu wa akili na utengamao wa watakaofufuliwa". Mhariri akilalamika tena, atakuwa analalamikia urefu.