Kabla ya sahihi, tafuta alama ya bamba

Wiki iliyopita nimepata Hayter mwingine, yaani chapa ya msanii Mwingereza Stanley William Hayter, picha iliyochapwa kwenye karatasi kutoka bamba la chuma alilolichonga mwenyewe, na safari hii sikumtoa Paris wala London. Alikuwa Bugolobi, hapa Kampala, kwenye nyumba ya familia ya Kizungu iliyokuwa ikifungasha kurudi kwao, kaegemezwa ukutani baina ya feni mbovu na katoni la viatu vya watoto. Askari wa getini, aliyepewa kazi ya kuuza vitu vidogo vidogo, aliniona nimechuchumaa hapo akanihurumia. "Mzee, hilo ni bango tu. Chukua na feni nikufanyie bei."

Nikawasha tochi ya simu, nikailaza ubavuni mwa kioo ili mwanga upite juujuu ya karatasi. Wino ukasimama. Mistari ya kijani ilikuwa imeinuka kama mishipa ya mkono wa mzee, na kuizunguka picha nzima palikuwa na mbonyeo wa mstatili, karatasi imezama ndani. Chini kulia, kwa penseli iliyofifia, jina na mwaka. Lakini jina nililisoma mwisho. Mbonyeo ulikuwa umeshanimaliza.

Kabla sijatoa hela nilimwita mwenye nyumba, nikamtajia msanii na kumwambia kwamba hii ni chapa halisi. Akasema waliikuta humo walipopanga, hawakuipenda hata siku moja, na mizigo imejaa. Akataja laki tatu, nikalipa laki tatu. Naliandika hili kwa sababu kuna mtu ameshanitumia ujumbe kwamba nimemdhulumu mgeni. Sikumdhulumu. Nilimwambia ninachokijua, akachagua.

Wengine wote mnaniuliza swali moja: Mwalimu, ulijuaje? Basi leo nalijibu, ila mnivumilie, maana mtu akimpenda msanii mmoja kwa miaka hawezi kumsimulia kwa ufupi.

Stanley William Hayter alizaliwa London mwaka 1901, akasomea kemia, akafanya kazi katika kampuni ya mafuta kule Abadan, Iran, kabla ya kuacha yote na kwenda kuishi Paris. Mimi nafundisha kemia sekondari. Mnaelewa sasa kwa nini niligandia kwake na si kwa mwingine. Mwaka 1927 alifungua karakana ya chapa, na ilipohamia nyumba namba 17 mtaa wa Campagne-Première mwaka 1933 ikabeba namba hiyo: Atelier 17, yaani Karakana 17. Wasanii mashuhuri kama Miró, Giacometti na Max Ernst walipita humo. Vita ya Pili ya Dunia ilipofika alihamia New York, na huko mchoraji Mmarekani Jackson Pollock naye akaja kujaribu mabamba. Mwaka 1950 Hayter akarudi Paris, akaendelea kuchapa mpaka alipofariki mwaka 1988. Picha zake ni dhahania: mistari inayojikunja, kuvukana na kurudi, na baadaye mawimbi na mwendo wa maji. Mimi ni mtoto wa Jinja, pale Nile inapotoka ziwani, mistari ile haikuhitaji kutafsiriwa kwangu.

Sasa echingi yenyewe, yaani kuchapa kwa bamba lililoliwa na asidi. Msanii anachukua bamba la shaba au zinki, analipaka nta au vanishi isiyopitisha asidi, kisha anachora kwa sindano, na kila sindano inapopita chuma kinabaki wazi. Bamba likiingia kwenye asidi, pale palipo wazi panaliwa na kuwa mfereji. Vanishi inaoshwa, wino unasukumwa ndani ya mifereji, uso unafutwa ukawa safi, karatasi iliyoloweshwa inalazwa juu, na vyote vinapitishwa kati ya roli nzito. Karatasi ile laini inashuka mferejini na kuuzoa wino. Ndiyo maana wino unasimama, na ndiyo maana kingo za bamba zinaacha alama. Hakuna uchawi, ni shinikizo tu.

Hayter hakuishia kwenye asidi. Mistari mingi aliikata moja kwa moja kwenye shaba kwa kipatasi chenye ncha kali, akiligeuza bamba badala ya kuugeuza mkono. Tena alibonyeza vitambaa kwenye vanishi laini ili nyuzi zao zibaki kwenye shaba. Halafu kuna rangi, na hapa mkemia anajionyesha. Wakapata njia, yeye na wenzake kama Mhindi Krishna Reddy, ya kuweka rangi kadhaa kwenye bamba moja na kuchapa kwa mpito mmoja. Wino mmoja unaongezewa mafuta ukawa mwepesi, mwingine unaachwa mzito. Roli ngumu inagusa sehemu za juu tu, roli laini inashuka mpaka mabondeni, na wino zenye uzito tofauti zinakataana badala ya kuchanganyika. Niliposoma hayo mara ya kwanza niliwapeleka wanafunzi wangu maabara siku iliyofuata. (Mkuu wa shule hakufurahia hali ya meza zile.)

Wapo wanaoniuliza kwa nini sikusanyi wa kwetu. Nani kawaambia sikusanyi? Tazameni kazi za Fred Mutebi, mchapaji wa hapahapa Uganda: anachonga ubao mmoja, anachapa rangi ya kwanza, anachonga tena ubao uleule, anachapa ya pili juu yake, mpaka ubao unakwisha na toleo lile haliwezi kurudiwa kamwe. Ukimwelewa Mutebi, Hayter hatakutisha. Na chuo cha sanaa cha Makerere kimebeba jina la Margaret Trowell, aliyekianzisha tangu enzi za ukoloni. Wapo humo watu wenye mashine ya roli ambao watakuonyesha bamba kwa macho yako bila kukutoza senti.

Lakini sikuanza na heshima hii mnayonipa leo. Chapa yangu ya kwanza niliipeleka kwenye jioni moja ya wapenda sanaa hapa Kampala, nikiwa nimevaa koti la harusi. Muuzaji picha mmoja anayejulikana aliichukua, akaigeuza nyuma, akairudisha mezani na kusema mbele ya watu, "Mwalimu, hii si ya kalenda?" Wakacheka. Binamu yangu akaongeza kwamba Nasser Road, mtaa wetu wa wachapaji, wangenitolea kumi kama hiyo kwa elfu ishirini. Sikujibu. Mwaka huu, mtaalamu wa chapa kutoka nje aliyekuwa akipita aliishika chapa ileile kwa vidole viwili, akaangalia mbonyeo, akaniuliza kama ningekubali kumuuzia. Muuzaji yule alikuwepo. Sina kinyongo, naeleza tu.

Kwa hiyo tafuta alama ya bamba. Tafuta alama ya bamba kabla ya sahihi, kabla ya cheti, kabla ya hadithi ya babu aliyeishi Paris. Cheti kinachapwa Nasser Road, mbonyeo una kazi zaidi. Hata hivyo mbonyeo nao huigizwa, kwa hiyo nunua kioo cha kukuzia cha mara kumi, kile cha masonara. Picha ya kiwandani ukiikuza utaona nukta ndogondogo zimejipanga. Echingi haina nukta za mpangilio, ina mstari uliojaa wino mpaka kingo. Ukinunua mtandaoni, mwambie muuzaji apige picha ya kona moja kwa mwanga wa ubavuni. Anayekataa, mwache.

Namba zinazoandikwa kwa penseli chini ya picha nazo zisikulevye. 12/50 maana yake ni nakala ya kumi na mbili kati ya hamsini. Haina maana kwamba ni bora kuliko ya arobaini. E.A. ni nakala ya msanii mwenyewe, nje ya hesabu ya toleo. Orodha kamili ya chapa za Hayter ilitolewa mwaka 1992, na wauzaji makini hutaja namba ya humo. Muulize. Na makumbusho makubwa kama British Museum yameweka kazi zake mtandaoni bure: linganisha mstari kwa mstari, maana bamba halibadiliki likivuka bahari.

Kusafirisha nitapita haraka. Katika mfumo wa forodha wa kimataifa, chapa halisi iliyotoka kwenye bamba lililofanywa na mkono wa msanii ina kichwa chake, 9702. Picha za kiwandani ziko 4911. Wakala mmoja aliniandikia mzigo kuwa "mabango", kisha akanitoza kwa kazi ya kurekebisha alichokiharibu yeye. Mwambie muuzaji aandike 9702 kwenye ankara tangu mwanzo.

Fremu ndiyo inayoniuma. Fundi mmoja nilimwandikia kwa kalamu nyekundu: usikate karatasi. Akakata. Fremu aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, basi akapunguza ukingo mweupe pande zote nne, namba ikaenda, nusu ya mbonyeo ikaenda, kisha akaibandika kwa gundi ya mbao kwenye hadibodi. Nilipolalamika akaniambia imependeza. Chapa ile ninayo, siwezi kuitupa, ila thamani yake imebaki pale sakafuni kwake.

Siku hizi nakaa na fundi mpaka amalize. Karatasi ining'inie kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba upande wa juu, kwa gundi ya wanga wa ngano. Kanda unga, uoshe donge ndani ya maji mpaka litoe maziwa, acha yatuame, mwaga maji, pika unga ule mweupe uliobaki chini. Kadibodi iwe isiyo na asidi. Kioo kisiguse karatasi. Usitundike ukutani panapopigwa jua, hata kidogo. Sisi tuko kwenye ikweta. Na mvua za Machi hadi Mei zikianza, tazama nyuma ya fremu, maana ukungu haupigi hodi, na mchwa ndio kabisa.

Mnataka niwaambie kama kuna faida. Chapa nyingi za rangi za Hayter huuzwa kwa mamia ya dola, na za miaka ya 1930 na 1940 hupanda hadi maelfu. Anayetafuta faida ya haraka anunue kiwanja Mukono. Wengi mnakimbilia jina mlilolisikia jana, mnanunua kitu kimoja cha kila msanii, halafu mnalalamika ukuta haueleweki. Chagua mmoja. Msome mpaka umjue mkono. Acha kununua kwa sababu fulani kanunua, na acha kuniuliza "Mwalimu, hii ni shilingi ngapi?" kabla hujaniambia umeona nini kwenye karatasi.

Huyu wa Bugolobi hauzwi, msinipigie. Na kijana wa Jinja uliyenitumia picha ya "Hayter" wa dola themanini: nimeikuza mpaka mwisho, ni nukta tupu kutoka kona hadi kona. Dai hela yako leo, kabla muda wa kurudisha haujapita.