Bomba limekutana na bimu: modeli ya kompyuta itasaidia?

SWALI: Ni msimamizi wa saiti Dodoma, jengo la ofisi la ghorofa nne. Zege la ghorofa ya kwanza tulishamwaga. Juzi fundi bomba kaanza kufunga bomba la majitaka koridoni, akakuta bimu (boriti ya zege inayobeba sakafu) imekaa njiani. Anataka kutoboa. Mshauri anasema ghorofa zilizobaki zifanyiwe modeli ya kompyuta. Bosi anaona ni kupoteza hela, maana ramani zote tunazo. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza mzuie fundi asiiguse bimu hiyo. Tundu la bimu huamuliwa na mhandisi wa miundo kabla ya zege, ili nondo zipangwe kulizunguka. Akitoboa sasa anaweza kukata nondo, na akiwa karibu na nguzo ni hatari zaidi.

Ramani zenu huenda hazina kosa, kila moja ikisomwa peke yake. Kinachowasumbua ni kimo. Tuchukue korido ya kawaida: sakafu hadi sakafu 3,300 mm, bimu pamoja na slabu 600. Chini ya bimu inabaki 2,700. Mwenye jengo anataka dari ya 2,500. Toa 50 za fremu na bodi ya dari, mmebaki na 150. Bomba la 110 linapita, lakini mwanzoni tu. Kwa mteremko wa 1 kwa 60, baada ya mita 12 limeshuka 200. Limeshatokeza chini ya dari, na dakti ya AC (mfereji wa kupitishia hewa) bado haijapata njia. Kwenye karatasi bomba hilo ni mstari tu, hauna unene wala kimo.

Kwenye modeli kila ofisi ya wabunifu inachora vitu vyake kwa ukubwa na kimo halisi, kisha vyote vinaunganishwa na programu inaonyesha vinapogongana. Si lazima watumie programu moja, ilimradi watoe mafaili ya IFC, aina ya faili inayosomwa na programu tofauti, na wakubaliane nukta moja ya kuanzia vipimo. Bila nukta hiyo utakuta mabomba yanaelea nje ya jengo.

Ila programu haiamui nani ahame. Kwenye jengo la wodi nililoratibu Mwanza, ripoti ya kwanza ilijaa migongano isiyo na maana, kama taa zinazopita kwenye bodi ya dari, mahali pake hasa. Migongano ya kweli ilikuwa koridoni. Tukakaa na mhandisi wa miundo, wa mabomba, wa umeme na wa AC mbele ya skrini moja. Majitaka nikayapa njia kwanza kwa sababu hayapandi. Ikafuata dakti kwa ukubwa wake, halafu mabomba ya maji safi na ya kuzimia moto, ambayo yana presha na yanaweza kupinda. Nyaya zikaja mwisho. Dakti ya 400 kwa 300 ikageuzwa kuwa 600 kwa 200. Hewa ni ileile, na mhandisi wa AC akahakikisha tu kwamba feni inamudu. Tukapata 100 mm zilizokuwa zinatunyima usingizi.

Kwa hiyo mwambie bosi asilipie modeli ya picha nzuri. Alipie modeli yenye kikao cha watu wenye mamlaka ya kubadilisha. Wala si lazima jengo zima: ghorofa zenu zikifanana, anzeni na korido, vyoo na njia za kupandishia mabomba za ghorofa moja. Pimeni bimu zilizokwisha kumwagwa, msitegemee ramani, na kikao kifanyike kabla nondo za ghorofa inayofuata hazijafungwa.

Kwa ghorofa ya kwanza, muulize mhandisi wa mabomba kama anaweza kuligawa bomba lielekee pande mbili, kila upande na bomba lake la kushukia. Kwa vipimo vya mfano wangu, mita 6 zinashuka 100 tu, bomba linahitaji 210 badala ya 310 kwenye nafasi ya 150, na dari ingeshushwa 60 mm badala ya 160.