Mwalimu Anajibu: Anza na meseji ya LUKU

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, naishi Mbagala. Nina daftari la kwaya nne limejaa mambo ya sasa: megawati za Bwawa la Julius Nyerere, kilomita za bomba la mafuta, idadi ya watu kwenye sensa, majina ya mawaziri. Mtihani wa majaribio uliopita tuliulizwa: "Jadili mchango wa rasilimali za nishati katika maendeleo ya Tanzania." Nikamwaga takwimu zote nilizonazo. Nimepata 7 kati ya 20, na msahihishaji ameandika pembeni maneno mawili tu: "Kwa hiyo?" Nisome nini zaidi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa sasa usiongeze cha kusoma. Umeniambia bwawa lina megawati 2,115, na ni kweli: mitambo tisa, kila mmoja megawati 235. Msahihishaji anataka ujue umeme huo ulipofika, nani aliamua ujengwe hivyo, nani analipa na nani amebaki gizani. Daftari lako limejaa majibu ya maswali ambayo hujajiuliza.

Nitakueleza tulichofanya hapa kwangu Tandika. Ilikuwa mwanzo wa mwezi, saa tatu usiku, nina wanafunzi sita sebuleni, mita ikaanza kulia. Nikanunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, wa shilingi 5,000 kwa simu. Meseji ikarudi: uniti 9.8. Binti mmoja aliyekaa karibu na mlango akapiga hesabu haraka akasema, "Mwalimu, uniti moja ni shilingi 292, ulitakiwa kupata 17." Nikawaambia wafunge madaftari. Nikaandika ile meseji ubaoni, mstari kwa mstari, tukakaa nayo mpaka saa tano.

Kwanza zilitoka 1,500 za kodi ya jengo. Zikabaki 3,500. Humo umeme wenyewe ni shilingi 2,868.85. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ni 516.39. Asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme wa vijijini, ni 86.07. Asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ni 28.69. Jumlisha uone. Hakuna aliyeniibia, ila mada zote nne unazoziogopa, yaani utawala, maendeleo, rasilimali na teknolojia, zimo kwenye meseji hiyo moja.

Chukua kodi ya jengo. Ilianza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Nani aliruhusu? Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Kwa hiyo ile 1,500 ilipita Dodoma, kwenye Sheria ya Fedha, wabunge wakapiga kura. Sasa njoo kwenye haki. Kisheria mdaiwa wa kodi ya jengo ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme na kuingiza tokeni, zile namba za kwenye meseji, ni mpangaji. Mbagala yako imejaa wapangaji wa chumba na sebule. Serikali imerahisisha ukusanyaji, na kwa kweli hakuna mtu tena wa kuja kugonga mlango, lakini mzigo umehamia kwa mtu mwingine kimyakimya. Hapo ndipo neno "jadili" linapoanza kufanya kazi. Mimi naona mpangaji anastahili kukatiwa fedha hiyo kwenye kodi ya nyumba, na ningeliandika hilo kwenye mtihani bila kuogopa, mradi nimeonyesha pande zote mbili.

Asilimia 3 ya REA ndiyo niipendayo kuliko zote. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005. Kila ukiwasha pasi Mbagala, unamchangia mtu wa kijijini nguzo. Kuunganishiwa umeme kijijini kumewekwa shilingi 27,000, wakati mjini tangu Januari 2022 umeme wa njia moja, ule wa nyumba ya kawaida, ni 320,960. Vijiji vya Tanzania Bara ni 12,318 na Serikali inasema vyote vimefikiwa. Wanafunzi wengi huandika namba hiyo wakaweka nukta. Wewe endelea: kijiji kufikiwa na nyumba kuunganishwa ni mambo mawili. Nguzo inaweza kusimama mbele ya shule na zahanati, na vitongoji vya pembeni vikaendelea na koroboi. Mama yangu alikaa miaka akiuona waya unapita juu ya paa lake kwenda kwa jirani. Kwenye takwimu kijiji chake kilikuwa tayari kina umeme.

EWURA ni mdhibiti: ndiye anayepanga bei, na kazi yake hiyo unamlipia mwenyewe. Usitumie zaidi ya sentensi mbili kwake.

Halafu zile 2,868 zenyewe, zimenunua nini? Hapa ndipo kwenye rasilimali, na hapa uchimbe sana. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Ilianza kuzalisha umeme hapa Ubungo mwaka 2004. Miaka 30! Rasilimali ardhini haiwashi taa. Inataka bomba, mtambo, mtaji, mkataba na mnunuzi. Bomba la pili, la kutoka Mtwara, lilikamilika 2015, lakini kabla yake, mwaka 2013, Mtwara kulikuwa na vurugu na watu walikufa. Wananchi waliuliza kwa nini gesi ichimbwe kwao kisha isafirishwe Dar es Salaam. Swali lile halikuwa la kijinga na halijaisha: anayeishi juu ya mali ana fungu gani kuliko anayeishi mbali nayo? Ukilijibu vizuri hilo, umejibu pia kuhusu dhahabu ya Geita.

Na bwawa lenyewe: limegharimu kama shilingi trilioni 6.5, fedha zetu wenyewe, wajenzi kampuni mbili za Misri. Lipo ndani ya eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo UNESCO ililiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1982, na wapinzani wa mradi walisema sana kuhusu msitu na mto. Mwaka 2023 tulikuwa kwenye mgao mkali. Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaingiza umeme kwenye gridi, na wewe mwenyewe umeona tofauti. Lakini Aprili ya mwaka huohuo Rufiji na Kibiti zilizama, mashamba yakaenda na maji. Wako walioulaumu mradi. Serikali ikasema ni mvua, na kwamba bwawa lilipunguza makali. Andika mema na andika Rufiji. Mtoto wa mkulima wa Muhoro naye anafanya mtihani uleule.

Kwenye teknolojia wengi huandika "simu zimerahisisha maisha" wakamaliza. Wewe waambie kuhusu tarakimu 20 za tokeni ya LUKU. Ndani ya kila tokeni kuna alama ya muda: idadi ya dakika tangu Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inabeba dakika 16,777,216 basi, nazo ziliisha Novemba 24, 2024. Ndiyo sababu TANESCO, shirika la umeme, ilituletea tokeni tatu kwa mpigo: mbili za kuboresha mita, ya tatu yenye uniti. Mita ambayo haikuboreshwa ingekataa tokeni mpya. Uamuzi wa mafundi wa zamani, mbali na hapa, ukaamua kama bibi wa Tandika atalala na taa au la. Nilimsaidia jirani yangu mzee kuingiza zile namba 60 kwa tochi ya simu, alikosea mara mbili, mikono inatetemeka. Nchi inayotumia mitambo iliyobuniwa na wengine inahitaji mafundi wanaoielewa mpaka ndani. Hiyo ni hoja, na ni yako ukiitaka.

Rudia lile swali. Tumia takwimu tano tu, na baada ya kila moja ujiulize lile "kwa hiyo?" kabla msahihishaji hajakuuliza. Kisha niletee.

SWALI: Mwalimu, najiandaa na usaili wa ajira, niko Tabata. Treni ya SGR, reli ya kisasa, ilianza lini? Nimekuta Juni 14, Julai 25 na Agosti 1, zote za 2024. Niandike ipi?

JIBU: Zote ni sahihi, dada yangu, kila moja na jambo lake. Juni 14 abiria walianza kusafiri Dar es Salaam hadi Morogoro. Julai 25 safari zikafika Dodoma. Agosti 1 ni uzinduzi rasmi uliofanywa na Rais Samia. Kwenye daftari lako usiandike kamwe tarehe tupu bila kitenzi pembeni yake: ilisainiwa, ilianza kujengwa, ilizinduliwa, ilikamilika. Bwawa la Nyerere lina mkataba wa Desemba 2018, jiwe la msingi la Julai 2019, kujaza maji kwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza wa Februari 2024. Anayetunga swali la kuchagua anajua mnachanganya, na atakuwekea zote nne.

SWALI: Binti yangu yupo kidato cha sita. Kutwa yuko na simu, nikiuliza anasema anasoma mambo ya sasa kwenye makundi ya WhatsApp. Nimnyang'anye? Mama wa Kigamboni.

JIBU: Mama, usimnyang'anye. Mtihani huu hausomeki bila habari, na simu ndiyo gazeti lao. Shida ya makundi yale ni kwamba ujumbe hufika bila mwenyewe, bila tarehe, umesambazwa mara mia. Mpe sharti moja: kila jioni akuletee jambo moja, akuambie limetoka wapi na nani kalisema. Taarifa Rasmi za Bunge, zile Hansard, zipo kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hupelekwa bungeni Aprili, nazo huwekwa wazi. Ziko pia zilizoandikwa kwa lugha nyepesi kwa ajili ya wananchi. Afungue ile inayohusu halmashauri, atafute Kigamboni, akusomee kwa sauti wakati unapika. Wewe muulize tu zahanati iliyotajwa humo ni ipi, na kama amewahi kupita pale.