Kusema unaumwa sonona si kumlalamikia Mwenyezi Mungu

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mwanamke, naswali na nafunga. Daktari amethibitisha kuwa nina sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) pamoja na wasiwasi uliopita kiasi, na natumia dawa. Nilichoka kujificha, nikawaeleza ndugu zangu na wenzangu wa darsa. Baadhi yao wanasema mwenye imani ya kweli hapatwi na maradhi hayo, na kuyatangaza ni kumlalamikia Mungu. Je, nimekosea? Na nifanyeje niupate moyo wenye nguvu?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Binti yangu, hukukosea. Nalitanguliza hilo ili usome yanayofuata bila hofu.

Nabii Ayyub, amani iwe juu yake, alimwambia Mola wake kwamba dhara imemgusa (Al-Anbiyaa, 83). Huyo huyo Allah akamshuhudia: "Hakika tulimkuta ni mwenye kusubiri" (Swaad, 44). Kwa hiyo kuyataja maumivu hakukumtoa katika subira. Wala si kwa Mola tu yanakotajwa. Swahaba Ibn Mas'ud, Allah amridhie, aliingia kwa Mtume ﷺ akamkuta na homa, akamwambia kuwa homa yake ni kali. Mtume ﷺ akamjibu kuwa ndiyo, yeye hupata homa kama ya watu wawili (Bukhari na Muslim). Hiyo ni habari ya ugonjwa. Lalamiko lililokatazwa ni la mtu aliyeikasirikia hukumu ya Mola wake.

Ama wanaosema imani huzuia huzuni, wamsome Nabii Ya'qub, ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumpoteza mwanawe Yusuf, na wanawe wakamlaumu. Kisha wamsome Maryam, mama wa Nabii Isa. Uchungu wa uzazi ulipomfikisha kwenye shina la mtende alisema: "Laiti ningelikufa kabla ya haya, nikawa niliyesahauliwa kabisa!" Tazama alivyojibiwa. Hakukemewa, hakuulizwa imani yake imekwenda wapi. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito chini yake, akaamrishwa alitikise shina, ale, anywe, atulie. Mwili wake ulihudumiwa pamoja na moyo wake. Natamani kila anayemtembelea mgonjwa wa sonona aanze na aya hizi kabla hajafungua mdomo.

Sisemi kwamba hao walikuwa na ugonjwa ulioupata wewe. Huzuni yao ilikuwa na sababu inayoonekana, na sonona mara nyingine huja bila sababu unayoweza kuinyooshea kidole. Tofauti hiyo wanazuoni wetu waliijua zamani: Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo nayo, na hiyo ya pili akaihusisha na hali ya mwili.

Kuhusu nguvu, watu hupenda kukutajia hadithi aliyoipokea Imam Muslim kwamba muumini mwenye nguvu ni bora kuliko muumini dhaifu, wakaishia hapo. Mtume ﷺ hakuishia hapo. Alisema katika kila mmoja wao mna kheri, kisha akaagiza: lipupie linalokunufaisha, muombe Allah msaada, wala usijione huwezi, na likikupata jambo usiseme "lau ningefanya hivi". Mwenye wasiwasi anaijua "lau" hiyo inavyomzungusha usiku kucha. Basi nguvu uliyoamrishwa ni ya kutenda, hata tendo dogo: kuamka ukatia udhu, kumeza dawa kwa wakati wake, kwenda kwa mshauri hata siku usiyotaka kuongea. Na uishike dua ya Mtume ﷺ mwenyewe ya kujikinga na hamu (yaani mashaka ya moyo) na huzuni, kushindwa na uvivu. Aliiomba kwa wingi.

Dawa ni katika hayo yanayonufaisha. "Tafuteni matibabu, enyi waja wa Allah," alisema Mtume ﷺ. Kisomo cha Qur'ani na tiba ya hospitali havigombani. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, na kuziacha ghafla kuna madhara, kwa hiyo usiziache kwa fatwa ya mtu wa darsani. Ukizidiwa hata kusimama hukuwezi, swali umekaa, na ukishindwa, kwa ubavu, kama Mtume ﷺ alivyomwelekeza swahaba wake Imran bin Huswayn. Ramadhani muulize daktari kama vipimo vya dawa vinaweza kuhamia daku na futari. Ikiwa haiwezekani, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine (Al-Baqara, 184).

Kusema wazi hakumaanishi udaiwe maelezo na kila mtu. Kinachofichwa kwa amri ya sheria ni dhambi, na ugonjwa si dhambi. Lakini chagua masikio.

Jambo moja sikuruhusu ulifiche: fikra za kutaka kufa zikikujia, mwambie mtu wa karibu saa hiyo hiyo, usibaki peke yako, mwende hospitali. Mtume ﷺ alitukataza kutamani mauti kwa sababu ya dhara iliyotupata, na kwa aliyelemewa akafundisha aseme: "Ewe Mola, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na unifishe ikiwa kufa ni kheri kwangu." Iombe njiani, huku mnakwenda kwa daktari.

Wallahu a'lam.