Skripti yangu ilimfuta Doto: ninavyokagua databesi kila usiku

Naandika hii kwa ajili yenu mnaotunza databesi za watu, iwe ya ushirika, vikoba, zahanati au duka, maana nimejifunza kwa kumuumiza mtu na sitaki na wewe upitie njia hiyohiyo.

Mi nipo Mwanza, natunza sistimu ya kikundi cha wakusanyaji na waanikaji wa dagaa, tunapokea Igombe na Kayenze, stoo iko karibu na Mwaloni Kirumba. Mwanachama analeta ndoo, karani anaandika, kila baada ya wiki mbili mtu analipwa kwenye simu. Sasa asubuhi moja akaja dada mmoja ofisini, akanisalimia mwangaluka, akakaa, akafungua daftari dogo lililoloa pembeni, tarehe kushoto, ndoo kulia, na kila mstari karani kasaini. Siku 9, ndoo 61. Akaniuliza tu, "Kaka, za kwangu zimeenda wapi?" Nikafungua ripoti ya malipo, hayumo. Yaani siyo kwamba kalipwa pungufu, jina lenyewe halipo.

Anaitwa Doto, na kama umekulia Usukumani nadhani ushajua kilichotokea. Pacha wake Kulwa naye ni mwanachama, tarehe ya kuzaliwa moja, jina la baba moja, kituo kimoja, na simu moja kwa sababu laini ya kupokelea hela walikuwa wanatumia ya Kulwa. Mimi siku chache kabla nilikuwa nimeandika skripti (programu fupi) ya kutafuta walioandikishwa mara mbili, inalinganisha jina la baba, tarehe, kituo na simu, ikikuta wawili inafuta wa pili. Jina la kwanza niliamua kuliacha maana makarani wanaandika Magreth leo, kesho Magleti, nikaona litanichanganya. Namba ya NIDA ingenisaidia, ina tarakimu 20 na hata kama 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kwahiyo mapacha wanafanana hapo, namba nzima haiwezi kufanana, ila wengi wetu ile sehemu ilikuwa tupu.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba sistimu haikusema kitu. Nilimfuta mwanachama, mapokezi yake yote yakabaki kwenye jedwali lingine yakimwelekezea mtu ambaye hayupo, na hakuna hata onyo moja. Kumbe lile jedwali la mapokezi lilikuwa la zamani, la aina ya MyISAM, ambayo kwenye MySQL (programu ya databesi tunayotumia) ukiiandikia foreni kii (kanuni ya kukataa rekodi inayoelekeza kwa mtu asiyekuwepo) inaipokea vizuri tu halafu haiifanyii kazi. Na ripoti ya malipo inaunganisha mapokezi na wanachama kwa JOIN ya kawaida, ambayo mstari usio na mwenzake inauruka kimyakimya. Kwahiyo ndoo 61 zilikuwepo stoo, zilikuwepo kwenye databesi, na hazikuwepo kwenye malipo.

Kweri (swali unaloiuliza databesi) iliyonionyesha ni hii, na ndo naomba uanze nayo kwako leo hii:

SELECT p.id, p.tarehe, p.ndoo FROM mapokezi p LEFT JOIN wanachama w ON w.id = p.mwanachama_id WHERE w.id IS NULL;

Inakuletea rekodi yatima zote, yaani mapokezi yasiyo na mwanachama. Nilitegemea kuona 9 za Doto, zikaja 34. Zilizobaki zilikuwa za zamani, zimetokana na siku tuliyohamisha data kwenda kompyuta mpya, nilizima FOREIGN_KEY_CHECKS (swichi ya ukaguzi wa foreni kii) ili bakapu, ile nakala ya akiba, iingie haraka halafu nikaiwasha. Kwa jedwali la MyISAM isingezuia kitu hata ikiwa imewashwa, lakini kwa majedwali yanayozifuata foreni kii ni hatari. Watu wengi hawajui hili: ukiiwasha tena MySQL hairudi nyuma kukagua yaliyoingia wakati imezimwa, inaanza kulinda kuanzia hapo kwenda mbele, uchafu ulioingia unabaki ndani. Wanaotumia SQLite, programu nyingine ya databesi, nao waangalie, kule foreni kii kwa kawaida zinakuwa zimezimwa mpaka uziwashe kila unapofungua muunganisho, ila kuna amri ya PRAGMA foreign_key_check inakupa orodha ya yatima wote kwa mpigo mmoja. Na jingine lililonikuta, nilikuwa nimeweka CHECK, kizuizi cha kukataa data mbovu, kwamba ndoo lazima zizidi sifuri, nikalala usingizi, kumbe MySQL kabla ya toleo la 8.0.16 la mwaka 2019 ilikuwa inasoma hiyo CHECK na kuipuuza. Usiamini kizuizi kwa sababu umekiandika, ingiza mstari mbovu kwenye nakala ya majaribio uone kama kinakataa kweli.

Baada ya kumlipa Doto nilikaa nikaandika ukaguzi upya, unakimbia wenyewe kila siku saa 10 alfajiri, na sheria ya kwanza niliyojiwekea ni kwamba hauna ruhusa ya kurekebisha chochote. Kwenye databesi una akaunti ya kusoma tu. Unaonyesha, mtu ndo anaamua. Najua inashawishi kuiachia skripti isafishe yenyewe, hasa rekodi zikiwa nyingi, lakini kompyuta haijui Kulwa na Doto ni watu wawili, karani wa Igombe anajua, tena atakujibu kabla hujamaliza swali.

Halafu nikagawa matokeo mafungu mawili, kosa na onyo. Kosa ni kile kisichowezekana kabisa: rekodi yatima, ndoo hasi, tarehe ya kesho, malipo mawili kwa stakabadhi moja, kilo za dagaa wakavu kuzidi kilo za wabichi waliotoka kwenye mzigo huohuo. Onyo ni kile kinachowezekana ila kinashangaza. Hapa ndo uzoefu wa mahali ulipo unasaidia kuliko kitabu chochote. Mfano dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi inapumzika, kwahiyo nimeweka kalenda ya mwezi na kituo kikionyesha mapokezi makubwa katikati ya mbalamwezi napata onyo. Siyo kosa, wapo wanaoingia ziwani hata hivyo, lakini mara nyingi nikipiga simu nakuta karani kakosea tarehe, kaingiza leo daftari la wiki iliyopita.

Na saa, jamani, saa ndo imenisumbua kuliko vyote. Sisi tunahesabu jua likichomoza, kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Karani anapokea mzigo saa 2 asubuhi anaandika 02:00 wakati ilitakiwa 08:00, mwenzake kituo kingine anaandika sawasawa, ukija kupanga mapokezi kwa muda unakuta gari limeondoka kabla mzigo haujafika. Nilianza na onyo la mapokezi yoyote kati ya 00:00 na 05:00, halafu nikaona ni afadhali kutibu pale kosa linapozaliwa, nikabadilisha fomu iandike asubuhi, mchana, jioni na usiku kwa maneno, karani achague, sistimu ndo ibadilishe. Maonyo ya saa yakaisha karibu yote. Kwahiyo onyo lilelile likijirudia kila siku usimgombeze karani, kaangalie fomu.

Kingine ni kulinganisha jumla, hiki ni kifupi lakini kingemwokoa Doto siku ileile. Jumla ya ndoo kwenye mapokezi ya kipindi, jumla ya ndoo kwenye ripoti ya malipo, na jumla ya daftari la stoo. Namba tatu. Zikitofautiana hata kwa ndoo moja malipo hayatoki mpaka ijulikane kwanini.

Ujumbe unanifikia kwenye simu saa 12 asubuhi na unakuja hata kama hakuna kosa, ukiandika vipimo vingapi vimekimbia na rekodi ngapi zimesomwa. Kuna asubuhi ulikuja ukisema makosa sifuri, rekodi sifuri, kumbe ulikuwa unasoma databesi tupu ya majaribio. Bila ile namba ya pili ningefurahi. Na urefu nimeubana usizidi skrini moja ya simu, maana ripoti ya kurasa kumi hakuna atakayeisoma siku ya tatu.

Bakapu nayo, kwa sababu umeme unakatika na diski zinakufa, kila Jumapili nairudisha kwenye kompyuta nyingine, napiga CHECK TABLE (amri ya kuangalia kama jedwali limeharibika) kwenye majedwali yote halafu nakimbiza vipimo vilevile juu yake. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha hujui kama unayo.

Na kufuta nimeacha. Mwanachama akiondoka anawekewa alama ya kufungwa, na nani kamfunga, lini, kwa sababu gani. Mapokezi yake yanabaki na mwenyewe.

Ujumbe wa leo umesema makosa 0, maonyo 3. Mawili nimeshayamaliza kwa simu. La tatu ni ndoo 40 za Kayenze kwa siku moja kwa mama ambaye kwa kawaida analeta 6 au 7, karani anasema anakumbuka ni 4 lakini stakabadhi haionekani vizuri, imelowana. Jumamosi naenda mwenyewe nikaone daftari la mama huyo.